Mpaka wa Mpaka ni Sifuri: Mnyororo Mmoja katika Hisabati, Kemia na Seli

Kuna jina moja linalowapotezea muda watafiti wengi wachanga. Anayetafuta makala za kitaalamu kuhusu kompleksi na minyororo huletewa mafungu matatu yasiyofanana hata kidogo. La kwanza limejaa alama za aljebra na halitaji kitu chochote kinachoshikika. La pili linazungumzia atomu za metali zilizozungukwa na molekuli, au molekuli ndefu zilizoungana kama shanga. La tatu linahusu mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, na humo tunasoma habari za Kompleksi ya I, ya II, ya III na ya IV, zinazopokezana elektroni kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti. Wanafunzi hutuuliza: je, hawa wote wanazungumzia kitu kimoja?

Kwa jina, hapana. Neno kompleksi, kwa asili yake ya Kilatini, linabeba maana ya vitu vilivyokumbatiana au kusukwa pamoja, na kila taaluma ilisuka vyake bila kumwuliza jirani. Lakini ukiyaacha majina ukaangalia hesabu zenyewe, utakuta kemia na baiolojia ya seli zinaitumia kompleksi ya mwanahisabati kila siku, mara nyingi bila kuitaja. Tena mahali zinapoitumia sipo pale ambapo jina lingekuelekeza. Nataka nikufikishe hapo, na unachohitaji ni kalamu, karatasi, na kujumlisha na kutoa.

Kushuka mara mbili

Chora pembetatu. Vipeo vyake viite A, B na C. Eneo lililo ndani ni kitu cha vipimo viwili. Mpaka wake ni kingo tatu, na kila ukingo ni kitu cha kipimo kimoja. Ukingo nao una mpaka, yaani vipeo viwili: unapoanzia na unapoishia. Wanahisabati huupa kila ukingo mwelekeo, kisha huandika mpaka wake kuwa mwisho kutoa mwanzo. Ukingo utokao A kwenda B una mpaka B − A.

Sasa zunguka pembetatu nzima: kutoka A hadi B, B hadi C, C hadi A. Jumlisha mipaka ya kingo hizo: (B − A) + (C − B) + (A − C). Kila kipeo kimetokea mara mbili, mara moja kwa kujumlishwa na mara moja kwa kutolewa. Jibu ni sifuri.

Hapo umeishika kanuni yote. Mpaka wa mpaka ni sifuri. Kompleksi ya minyororo ni ngazi zilizopangwa, kwa mfano nyuso, kisha kingo, kisha vipeo, pamoja na kanuni ya kushuka kutoka ngazi moja hadi iliyo chini yake. Sharti ni moja tu: ukishuka mara mbili mfululizo, unaishia kwenye sifuri. Na mnyororo, katika lugha hii, ni jumla yoyote ya vitu vya ngazi moja: ukingo huu mara tatu, kutoa ukingo ule, na kadhalika.

Sharti hilo linaonekana dogo, lakini kazi yake ni kubwa. Fikiria pembetatu iliyotengenezwa kwa waya, bila eneo la ndani. Ukiuzunguka waya, mpaka bado ni sifuri, maana umerudi ulikoanzia. Ila safari hii mzunguko wako hauzungushi uso wowote, unazungusha tundu. Kwa hiyo mizunguko ni ya aina mbili: ile ambayo ni mpaka wa kitu kilichojaa, na ile ambayo si mpaka wa chochote. Homolojia ni hesabu ya aina ya pili. Ni namna ya kuhesabu matundu bila kuyaona, kwa kujumlisha na kutoa peke yake. Tufe lina sifuri katika ngazi ya vitanzi, kwa sababu kitanzi chochote unachochora juu yake kinaziba kipande cha uso. Uso wa pete nene, ule wenye umbo la mpira wa tairi, una mbili: kitanzi kinachozunguka unene wake na kitanzi kinachozunguka tundu lake.

Mwitaliano Enrico Betti aliandika kuhusu hesabu za namna hii mwaka 1871, na ndiyo maana idadi ya matundu inaitwa namba ya Betti. Mfaransa Henri Poincaré akaijenga kuwa taaluma kuanzia mwaka 1895. Walther Mayer wa Vienna, mwaka 1929, aliivua kompleksi umbo lake la kijiometri, akabakiza ngazi, kanuni ya kushuka, na ile sifuri. Hatua hiyo ya Mayer ndiyo inayotuhusu zaidi. Mara tu usipohitaji tena pembetatu wala tufe, kitu chochote chenye ngazi na sifuri ya namna hiyo kinakuwa kompleksi ya minyororo, hata kama hakina umbo.

Kemia

Mkemia anaposema kompleksi, mara nyingi anamaanisha atomu ya metali iliyoshikiliwa katikati na molekuli au ioni zilizoizunguka. Maana hiyo inatokana na kazi ya Alfred Werner, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Chuma kilicho katikati ya himu, ile sehemu nyekundu ya damu, kimeshikiliwa kwa namna hiyo. Tutakutana nacho tena, lakini hakina uhusiano na mipaka na sifuri.

Mahali pa kwanza ambapo homolojia inaingia kwenye kemia ni mifupa ya molekuli. Chukua atomu kuwa vipeo na bondi kuwa kingo. Idadi ya pete zinazojitegemea katika molekuli moja ni bondi kutoa atomu kujumlisha moja. Benzeni ina kaboni 6 na bondi 6 kati yake, kwa hiyo pete 1. Naftalini ina kaboni 10 na bondi 11, kwa hiyo pete 2. Hiyo ni namba ya Betti ya ngazi ya kwanza, na programu za kompyuta zinazohifadhi maumbo ya dawa huitumia kila wakati. Hata neno grafu, kwa maana ya nukta zilizounganishwa kwa mistari, liliingizwa mwaka 1878 na James Joseph Sylvester alipokuwa akilinganisha aljebra na michoro ya wakemia. Molekuli ya kaboni 60 iliyogunduliwa mwaka 1985, ile yenye umbo la mpira wa kandanda, ina atomu 60, bondi 90 na nyuso 32. Toa na ujumlishe kwa zamu: 60 − 90 + 32 = 2. Ndiyo namba ambayo Euler aliiona kwenye maumbo mango ya kawaida katika karne ya 18.

Lakini mifupa ya molekuli ni mlango tu. Kitu kikubwa kimo kwenye mimenyuko.

Chukua dutu nne: hidrojeni (H2), oksijeni (O2), maji (H2O) na hidrojeni peroksidi (H2O2). Andika mmenyuko wa kwanza:

2H2 + O2 → 2H2O

Uangalie kama ukingo. Una mwanzo na una mwisho. Mpaka wake, kwa kanuni ile ile ya mwisho kutoa mwanzo, ni 2H2O − 2H2 − O2. Tumeshuka kutoka ngazi ya mimenyuko hadi ngazi ya dutu. Sasa shuka tena, kutoka ngazi ya dutu hadi ngazi ya atomu, kwa kuivunja kila dutu kuwa atomu zake. Maji mawili yana atomu 4 za hidrojeni na 2 za oksijeni. H2 mbili zina atomu 4 za hidrojeni. O2 moja ina atomu 2 za oksijeni. Ukitoa, hidrojeni 4 − 4 ni sifuri, na oksijeni 2 − 2 ni sifuri.

Tumeshuka mara mbili tukaishia kwenye sifuri. Kila mwanafunzi wa sekondari aliyewahi kusawazisha mlinganyo wa kemia ameihakiki kompleksi ya minyororo, ingawa hakuna aliyemwambia hivyo. Kanuni kwamba atomu hazizaliwi wala hazipotei katika mmenyuko, na kanuni kwamba mpaka wa mpaka ni sifuri, zimeandikwa kwa hesabu moja. Sisemi zinafanana kwa mbali, kama sitiari. Ni hesabu ile ile.

Basi tuulize swali la homolojia: katika ngazi ya katikati, ile ya dutu, je, kuna kitu chenye mpaka sifuri ambacho chenyewe si mpaka wa chochote? Kwa lugha ya kemia: je, kuna mlinganyo uliosawazika kabisa ambao mimenyuko tuliyo nayo haiwezi kuutekeleza? Tukiwa na mmenyuko ule mmoja tu, ndiyo, upo. Huu hapa:

H2 + O2 → H2O2

Umesawazika. Atomu zote zimehesabiwa. Lakini mmenyuko wetu pekee haugusi peroksidi hata kidogo, kwa hiyo hauwezi kuizalisha. Mfumo wetu una tundu moja, na tundu hilo lina maana: ni jambo ambalo uhifadhi wa atomu unaliruhusu ila mimenyuko iliyopo hailifikii.

Ongeza sasa mmenyuko wa pili, kuvunjika kwa peroksidi, kazi ambayo ndani ya seli zetu hufanywa na kimeng'enya kiitwacho katalasi:

2H2O2 → 2H2O + O2

Namba ya Betti ya ngazi ya katikati inashuka hadi sifuri, na tundu linaonekana kuzibika. Hebu tuhakikishe. Endesha mmenyuko wa kwanza kwenda mbele mara moja, na wa pili kwenda nyuma mara moja. Maji mawili yaliyozalishwa na wa kwanza yanaliwa na wa pili. Kinachobaki ni 2H2 + 2O2 → 2H2O2. Tumepata tulichokitaka, ila tumekipata mara mbili.

Je, tunaweza kukipata mara moja tu? Kwenye karatasi unagawa kwa mbili, kazi imekwisha. Lakini molekuli haziji nusu, na tukio la mmenyuko halitokei nusu. Tukishikilia namba nzima, haiwezekani, na sababu yake ni rahisi: mmenyuko wa kwanza haugusi peroksidi, na wa pili huigusa mbili mbili. Idadi ya molekuli za peroksidi itapanda na kushuka kwa mbili daima. Kwa hiyo tundu halijazibika kabisa. Limebaki kivuli: kitu kisichowezekana mara moja, ambacho kikifanywa mara mbili kinawezekana.

Mwanatopolojia akiona hivyo atatabasamu, kwa sababu anakifahamu kivuli hicho kutoka kwenye nyuso kama chupa ya Klein, ambayo ina kitanzi kisicho mpaka wa chochote ukikizunguka mara moja, lakini ukikizunguka mara mbili kinakuwa mpaka. Huitwa msokoto. Namba ya Betti haiuoni msokoto. Kwayo ni sifuri tu. Poincaré alikuwa na njia ya kuandika msokoto pembeni, kama orodha ya namba za ziada. Aliyeona kwamba habari hizi mbili ni kitu kimoja alikuwa Emmy Noether, huko Göttingen katikati ya miaka ya 1920. Aliwahimiza wenzake waache kubeba orodha za namba, wachukue kundi lenyewe la aljebra: mizunguko yote, ukihesabu kuwa sawa ile inayotofautiana kwa mpaka. Ndani ya kundi hilo matundu na misokoto vinakaa pamoja. Ushauri huo ulibadilisha topolojia moja kwa moja, na mimi huona ni mojawapo ya sentensi zenye thamani kubwa zilizowahi kusemwa katika hisabati. Mfano wetu wa peroksidi unaonyesha kwa nini: namba ya Betti ilituambia hakuna tundu, kundi likatuonyesha kwamba kivuli kipo.

Tuongeze hata mmenyuko wa tatu, huo huo tuliokuwa tukiutafuta: H2 + O2 → H2O2. Kivuli kinaondoka. Lakini sasa kitu kipya kinazaliwa juu, katika ngazi ya mimenyuko. Endesha wa kwanza mbele mara moja, wa pili nyuma mara moja, na wa tatu nyuma mara mbili: hakuna dutu inayoongezeka wala kupungua. Umezunguka ukarudi ulikoanzia. Huo ni mzunguko wa kweli, na fizikia ina la kusema juu yake. Germain Hess, aliyefanya kazi St. Petersburg, alionyesha mwaka 1840 kwamba jumla ya joto la mmenyuko haitegemei njia iliyopitiwa. Kwa hiyo ukizunguka mduara kamili, jumla lazima iwe sifuri. Maji na peroksidi vikiwa katika hali ya kimiminiko, mmenyuko wa kwanza unatoa kilojuli 571.6, wa pili 196.0, wa tatu 187.8, kwa moli kama zilivyoandikwa. Piga hesabu: 571.6 − 196.0 − 2 × 187.8 = 0. Wakemia hutumia njia hiyo kupata joto la mmenyuko ambao hauwezi kupimwa moja kwa moja.

Niweke tahadhari hapa, kwa sababu msisimko wa hesabu unaweza kumpoteza mtu. Aljebra hii haijui kasi. Haijui kwamba kurudisha maji na oksijeni kuwa peroksidi ni kupanda mlima wa nishati. Inakwambia tu ni nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi na hesabu ya vitu. Ni nusu ya hadithi, ingawa ni nusu isiyobadilika hata hali ya joto, mgandamizo au vimeng'enya vikibadilika.

Ndani ya mitokondria

Sasa tuingie kwenye seli. Mwaka 1925 David Keilin alieleza kuhusu sitokromu, protini zenye himu ambazo rangi yake hubadilika zinapopokea na kuachia elektroni. Kufikia mwaka 1962, Youssef Hatefi na wenzake huko Madison, Wisconsin, walikuwa wameutenganisha mfumo wa upumuaji wa mitokondria katika vipande vinne, na vipande hivyo ndivyo vinavyoitwa Kompleksi ya I hadi ya IV. Neno kompleksi hapa lina maana ya tatu: lundo la protini zilizoshikana zikafanya kazi kama mashine moja. Ya I, katika mamalia, ina protini 45. Saba kati ya hizo zimeandikwa katika DNA ya mitokondria yenyewe, ambayo kwa binadamu ina herufi 16,569 tu na hutoa protini 13 kwa jumla, zote za mfumo huu wa kutengeneza nishati. Ya II haina hata protini moja iliyoandikwa humo. Zake zote zinatoka kwenye kiini cha seli.

Kazi yake ni hii. Chakula kikivunjwa, elektroni zake hubebwa na molekuli iitwayo NADH. Kompleksi ya I huzichukua elektroni mbili na kuzikabidhi kwa koenzaimu Q, molekuli ndogo inayobeba elektroni ndani ya utando. Ya III huzitoa kwenye Q na kuzipa sitokromu c, moja moja. Ya IV huzitoa kwenye sitokromu c na kuzifikisha kwa oksijeni, na maji yanazaliwa. Kati ya NADH na oksijeni kuna tofauti ya takriban volti 1.14, na mteremko huo ndio unaotumika kusukuma protoni kuvuka utando: nne kwenye Kompleksi ya I, nne kwenye ya III, mbili kwenye ya IV, jumla 10 kwa kila NADH. Peter Mitchell alipendekeza mwaka 1961 kwamba protoni hizo, zikirudi ndani kupitia kimeng'enya kingine, ndizo zinazotengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Wengi walimpinga kwa miaka mingi. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Kwa hiyo kompleksi hizi si kompleksi ya Mayer. Lakini angalia kinachotokea ukiziandika kama milinganyo na kujumlisha. Kompleksi ya I inaitumia Q na kuitoa ikiwa QH2, yaani Q iliyobeba elektroni. Ya III inaitumia QH2 na kuirudisha Q, huku ikiigeuza sitokromu c tupu kuwa iliyobeba elektroni. Ya IV inairudisha sitokromu c ikiwa tupu. Katika jumla, QH2 inatokea mara moja kwa kujumlishwa na mara moja kwa kutolewa, inafutika. Sitokromu c iliyobeba inafutika vivyo hivyo. Kinachobaki ni ncha mbili: NADH na oksijeni upande mmoja, NAD⁺ na maji upande wa pili.

Tulikwisha kuona jambo hili kwenye pembetatu. Ukitembea kutoka A hadi B, B hadi C, C hadi D, mpaka wa safari yote ni D − A. B na C zimefutana njiani. Mnyororo wa upumuaji ni mnyororo kwa maana kamili ya mwanahisabati: jumla ya viungo ambavyo mipaka yake ya ndani inafutana. Nadhani waliouita mnyororo hawakuwa na aljebra akilini, walikuwa wakifikiria pete za chuma zilizoshikana. Hata hivyo jina lilikaa mahali pake. Katika istilahi hii ya baiolojia, kati ya maneno mawili, kompleksi ndilo linalopotosha, na mnyororo ndilo sahihi.

Seli hai hailimbikizi QH2 bila kikomo. Katika hali tulivu, kila dutu ya ndani inazalishwa kwa kasi ile ile inayotumika. Ukiongeza kwenye orodha ya mimenyuko pia kuingia kwa chakula na oksijeni na kutoka kwa taka, hali tulivu ya seli ni mzunguko: mtiririko wenye mpaka sifuri. Watafiti wa metaboli huandika orodha nzima kama matriksi moja kubwa, mstari kwa kila dutu na safu kwa kila mmenyuko, kisha hutafuta mitiririko yote inayotoa sifuri. Ramani ya bakteria Escherichia coli iliyochapishwa mwaka 2017 ina jeni 1,515. Binadamu naye ana ramani zake tangu mwaka 2007. Na tundu la homolojia hujitokeza humo kama kazi ya kila siku: seli inaonekana waziwazi ikitengeneza dutu fulani, lakini mimenyuko iliyoorodheshwa haifiki. Hapo mtafiti anajua kuna kimeng'enya ambacho bado hakijaorodheshwa, na kompyuta humsaidia kukisia ni mmenyuko gani ungeziba pengo.

Sumu hueleweka vizuri kwa lugha hii. Sianidi hukaa kwenye chuma cha himu ndani ya Kompleksi ya IV (ndiyo ile kompleksi ya Werner, kiungo cha chuma, ndani ya kompleksi ya protini, ndani ya mnyororo) na kuzuia kiungo hicho kimoja. Sitokromu c inabaki imebeba elektroni bila pa kuzipeleka. Q inafuata. Mzunguko uliopitia hapo haupo tena, na mtiririko pekee unaotoa sifuri katika njia ile ni ule wa kusimama kabisa.

Mimea mingi haisimami. Ina kimeng'enya cha ziada kinachochukua elektroni kutoka QH2 na kuzipeleka moja kwa moja kwa oksijeni, bila kupita Kompleksi ya III wala ya IV. Kwa hesabu, ni ukingo wa ziada, kwa hiyo ni mzunguko mwingine unaobaki hata ule wa kwanza ukikatwa. Kimelea cha malale, Trypanosoma brucei, kinapokuwa ndani ya damu ya mtu hutegemea kimeng'enya cha aina hiyo hiyo kupumua. Binadamu hatuna. Ndiyo maana watafiti wa dawa wanakitazama kwa hamu: ni kiungo kinachoweza kukatwa kwa adui bila kumgusa mgonjwa.

Kimelea cha malaria kina hadithi inayonivutia hata zaidi. Dawa iitwayo atovakwoni huzuia Kompleksi ya III ya Plasmodium falciparum, na kimelea hufa. Swali lilikuwa: anakufa kwa kukosa nini? Akiwa ndani ya chembe nyekundu, nishati yake nyingi anaipata kwa kuvunja glukosi, si kwa mnyororo huu. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, walijibu kwa kuongeza kiungo kimoja. Walimpa kimelea jeni ya hamira inayotoa kimeng'enya kinachohitajika katika kutengeneza pirimidini, vijenzi vya DNA. Kimeng'enya cha kimelea mwenyewe hukabidhi elektroni kwa Q, hivyo kinahitaji Q irudishwe tupu na Kompleksi ya III. Kile cha hamira hakiihitaji Q. Kimelea aliyepewa jeni hiyo aliendelea kukua ndani ya atovakwoni kana kwamba hakuna dawa. Kazi kuu ya mnyororo mzima kwake, katika hatua ile ya maisha, ilikuwa kurudisha Q ili pirimidini zitengenezwe.

Kisha wakaongeza dawa ya pili, proguanili, ambayo huuzwa pamoja na atovakwoni, na vimelea hao waliokuwa wakiishi wakawa dhaifu tena mbele ya atovakwoni. Matriksi iliyohesabu Q na pirimidini peke yake isingetabiri hilo. Utando wa mitokondria unahitaji pia kubaki na chaji, na ili hesabu iione chaji hiyo lazima protoni ya ndani na protoni ya nje ziandikwe kama dutu mbili tofauti, kila moja na mstari wake.